Umeme bila waya

Jumamosi nilikuwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nikitafuta domodomo, samaki anayetoa umeme hafifu, wa kuwaonyesha wanafunzi wangu wa fiziolojia. Mama muuzaji aliniona nikipapasa shina la mkia wa samaki kabla hata ya kuuliza bei. "Unatafuta nini hapo, mwalimu?" Nikamjibu: umeme. "Umeme bila waya, mwanangu?"

Swali lake ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Wanafunzi huja na picha ya nyaya za TANESCO kichwani, wakidhani kuna kitu kinachokimbia kutoka kidoleni hadi kwenye ubongo. Hakuna. Kinachosafiri ni chumvi, nayo haifuati urefu wa neva. Inakatiza utando wa seli tu, safari ya nanomita chache.

Nje ya seli sodiamu ni nyingi, takribani milimoli 145 kwa lita. Ndani ni kama 12. Potasiamu ni kinyume: ndani 140 hivi, nje 4 au 5. Utando ni wa mafuta, kwa hiyo ioni, yaani chembe hizi za chumvi zenye chaji, hupita kwenye vilango vya protini pekee. Neva ikitulia, vilango vilivyo wazi zaidi ni vya potasiamu. Inavuja kidogo kwenda nje, ndani panabaki hasi, kama milivolti -70.

Kilango cha sodiamu kina kipande chenye chaji kinachohisi volti. Ndani pakifika kama -55, kinafunguka. Sodiamu inamiminika ndani, volti inapanda, na kupanda huko kunafungua vilango vya jirani. Baada ya takribani milisekunde moja vilango hivyo vimejiziba vyenyewe, vya potasiamu vimefunguka, utulivu umerudi.

Huku Usukumani tunaujua mwano, yowe la hatari. Mwenye shida hupiga, jirani akisikia naye hupiga, hadi kijiji cha tatu wanajua, na aliyeanza hajatoka uani kwake. Kila kaya hutumia pumzi yake, ndiyo maana sauti haififii njiani. Neva hufanya vivyo hivyo. Na sindano ya ganzi? Lidokaini huziba vilango vya sodiamu, nyumba chache zinanyamaza, habari ya jino haifiki.

Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliyapima haya kwenye neva nene ya ngisi, wakachapisha milinganyo yao mwaka 1952, miaka mingi kabla ya yeyote kuona umbo la kilango. Bado naisoma kazi hiyo kwa heshima.

Kuna kosa moja ninalolikuta karibu kila mtihani: kwamba pampu ya sodiamu na potasiamu ndiyo inayorusha kila pigo la umeme la neva. Pampu hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, kazi ya taratibu, kama mtu anayejaza tangi. Bomba likifunguliwa, maji hutoka hata kama mjazaji amelala. Ukiizima pampu kwa sumu, neva ya ngisi bado hurusha maelfu ya mapigo, kwa sababu ioni zinazovuka kila mara ni chache mno ukilinganisha na akiba iliyopo.

Turudi kwa domodomo. Kwenye shina la mkia wake kuna seli zilizotokana na misuli, bapa, zimepangwa moja nyuma ya nyingine kama mawe ya tochi. Kila moja hutoa volti kidogo, zote zikifyatuka pamoja zinajumlika. Mkono wako hausikii kitu, lakini yeye hutambua vilivyo jirani gizani. Kinachonisisimua ni hiki: samaki hawa walikuwa na nakala mbili za jeni ya kilango cha sodiamu cha misuli, moja ikaacha misuli na kuhudumia umeme peke yake. Samaki wa umeme wa Amerika Kusini walifika hapohapo kwa njia yao wenyewe.

Mama ameniahidi domodomo aliye hai. Nitatumbukiza ncha mbili za waya kwenye ndoo, niziunganishe na amplifaya na spika, asikie mwenyewe ta-ta-ta ya samaki wake.