Taa ya nguzo getini haiwaki: soma kabla hujapiga simu

Kila masika yanapoanza, dawati letu la huduma kwa wateja hapa Moshi hupokea simu za aina moja: "Ndani umeme upo, taa ya getini imekataa, tuleteeni mafundi." Tunawashukuru wananchi kwa kutoa taarifa. Ila tuelewane: mpaka wa shirika letu la umeme ni mita. Nguzo uliyoisimika mwenyewe getini, nyaya zake na taa yake ni mali yako, na gari la dharura haliji kwa ajili hiyo.

Ukishabadilisha balbu na bado giza, angalia senza inayowasha taa jioni na kuizima asubuhi. Wengi huijaribu saa sita mchana kisha wakasema imekufa. Mchana haitakiwi kuwaka! Izibe kwa tepu nyeusi, usubiri dakika mbili tatu, maana nyingi huchelewa makusudi zisibabaishwe na wingu linalopita. Taa ikiwaka, senza ni nzima. Huenda usiku inamulikwa na taa ya barazani au ya jirani.

Kama breka imeanguka, irudishe mara moja tu. Ikianguka tena, iache ilivyo. Breka ya usalama inayokata umeme ukivuja miliampia 30 haijaharibika. Imeona umeme unapita pasipotakiwa: kwenye maji, kwenye udongo, au kwenye chuma cha nguzo anachoegemea mtoto akisubiri basi la shule. Kuna nyumba kata ya Pasua tulikuta breka hiyo imeng'olewa na nyaya zimeungwa moja kwa moja "ili isisumbue". Kifuniko cha taa kilipofunguliwa, maji yakamwagika, kiasi cha kikombe kizima. Kwenye holda kulikuwa na sisimizi waliokauka, na kopa ya waya imeota kutu ya kijani. Chini ya maua tukakuta kiungio kilichozungushiwa tepu tu na kufukiwa, na jembe lilikuwa limeshakichuna. Tepu haizuii maji ya ardhini. Tunalisema hili kila mwaka.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Mwambie akuonyeshe leseni, usome jina, daraja na tarehe ya mwisho. Fundi wa kweli hakasiriki kuulizwa. Azime meni swichi, siyo swichi ya ukutani peke yake, kwa sababu waya ukiwa umeungwa kinyume, taa huzimika huku umeme ukiwa bado kwenye holda. Kisha apime kwa testa kabla ya kugusa chochote, na akague erthi ya nguzo.

Asiguse mita. Kuvunja lakiri au kuunga waya kabla ya mita ni kosa chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Unaweza kukatiwa huduma, kudaiwa umeme uliotumika bila kupimwa, na kufikishwa mahakamani. Mwenye nyumba anaweza kuulizwa, hata kama aliyefanya ni fundi.

Tupigie nyumba nzima ikikosa umeme wakati uniti zipo, waya unaotoka kwenye nguzo yetu ukining'inia, au mita ikionyesha hitilafu. Waya ulioanguka usiusogelee, hata kama taa za mtaa mzima zimezimika. Uwe na namba ya mita yenye tarakimu 11. Zile 20 ni za tokeni; wengi hututajia hizo, na hazituelekezi nyumbani kwako.