Nyambizi U-570: kujisalimisha kulikoitwa woga

Katika vita vya majini, neno "mwoga" hutamkwa upesi kuliko uchunguzi unavyofanywa. Mfano mzito ni wa nyambizi ya Ujerumani U-570, iliyopandisha kitambaa cheupe mbele ya ndege moja tarehe 27 Agosti 1941, kusini mwa Iceland. Wajerumani wenzao, wakiwa mateka kama wao, waliwahukumu maafisa wake wawili kwa woga. Ukikagua hali ya chombo chenyewe, kosa linaonekana kuwa jingine.

U-570 ilikuwa ya aina ya VIIC, yenye urefu wa mita 67 na watu zaidi ya 40. Ilikabidhiwa kwa jeshi la wanamaji Mei 1941, na safari hii ndiyo ilikuwa ya kwanza ya kivita. Kamanda Hans-Joachim Rahmlow hakuwa amewahi kuongoza nyambizi vitani. Mabaharia wengi walikuwa wapya, na bahari ilikuwa imechafuka kiasi kwamba wengi walilala hoi kwa kichefuchefu.

Kosa la kwanza lilitokea kabla ya bomu lolote kuanguka. Nyambizi inapotaka kuibuka, hupanda kwanza hadi kina cha mita 13 au 14, inainua periskopu ya kutazamia anga, na afisa anaizungusha duara zima. Hatua hiyo hairukwi, kwa sababu vyombo vya kusikilizia chini ya maji vinanasa sauti ya meli na haviwezi kutegemewa kwa ndege. U-570 iliibuka karibu saa 5 asubuhi huku ndege ya Uingereza aina ya Hudson, ya kikosi namba 269, ikiwa karibu. Rahmlow aliamuru kuzama tena. Nyambizi ya aina hii huhitaji takriban nusu dakika kutoweka juu ya maji, na nusu dakika hiyo hakuwa nayo. Rubani James Thompson aliangusha mabomu manne, kila moja la kilo 113, yaliyotegwa yalipuke chini ya maji.

Mlipuko wa namna hii si lazima utoboe chuma ndipo uue nyambizi. Mtikiso unapitia mwili mzima wa chombo: taa zinakatika, vioo vya vipimo vinapasuka, vali zinalegea, na hatari kubwa kuliko zote ipo chini ya sakafu, kwenye betri. U-570 ilikuwa na betri mbili kubwa za madini ya risasi na asidi, kila moja ikiwa na seli 62. Seli ikipasuka, asidi humwagika. Asidi hiyo ikikutana na maji ya chumvi, hutoka gesi ya klorini. Klorini inachoma macho na koo, na ikivutwa kwa wingi huunguza mapafu. Ndani ya bomba la chuma lisilo na dirisha, gizani, harufu yake peke yake inatosha kuvunja nidhamu ya watu ambao hawajawahi kuizoea hofu hiyo.

Kuna kazi ya kufanya hapo, na inawezekana. Fundi mkuu anafunga maji yanakoingia, anawavalisha watu wake vifaa vya kupumulia, anafungua sakafu na kukagua seli moja moja. Zilizopasuka zinatengwa kwa kuunganisha waya mnene kutoka seli nzima hadi seli nzima inayofuata, na asidi iliyomwagika inapoozwa kwa chokaa. Umeme ukirudi, hata kidogo, pampu zinafanya kazi na mota zinazunguka. Waingereza walipoikagua nyambizi hiyo baadaye waliona kwamba uharibifu haukuwa mkubwa kama mabaharia wake walivyodhani. Mabaharia wazoefu huenda wangeiokoa.

Badala yake watu walipanda sitahani, ndege ikawamiminia risasi, na kitambaa cheupe kikapungwa. Rahmlow alituma ujumbe wa redio usiofichwa kwa msimbo kwamba hawezi kuzama. Adui naye akausikia. Ndege ziliendelea kuzunguka juu yao hadi jioni, na zilipopita saa 12 hivi tangu shambulio ndipo meli ya kwanza ya Uingereza ikafika.

Kwa nini basi hakuizamisha mwenyewe? Hili ndilo shtaka zito, na lina majibu mawili. Mawimbi yalikuwa makubwa na maji ya baridi kali. Kuizamisha bila meli ya kuwaokoa kungewaua wengi wao. Na meli ilipofika, Waingereza walionya kwamba wakiizamisha hawataokolewa. Hata hivyo, saa zile za kusubiri hazikupotea zote: Enigma, mashine ya siri ya kufichia ujumbe kwa msimbo, ilivunjwa na vitabu vya misimbo vikatupwa baharini. Ilinganishe na nyambizi nyingine ya Ujerumani, U-110, miezi mitatu tu kabla yake. Mabaharia wa U-110 waliiacha wakiamini inazama, haikuzama wakati ule, na Waingereza wakaingia ndani wakatoka na Enigma nzima pamoja na misimbo. Kwa upande wa siri, hasara ile ilikuwa kubwa zaidi.

Maafisa wa U-570 walipelekwa kambi ya mateka ya Grizedale Hall, kaskazini mwa Uingereza. Huko Otto Kretschmer, kamanda maarufu aliyetekwa Machi 1941, aliongoza baraza la siri la heshima. Baraza hilo halikuwa na mamlaka yoyote kisheria, halikuiona nyambizi, wala Rahmlow hakuwepo kujitetea. Lilimwona yeye na naibu wake, Bernhard Berndt, wana hatia ya woga. Nyambizi ilikuwa imeletwa Barrow-in-Furness, kilomita zipatazo 30 kutoka kambini, na Berndt akatoroka Oktoba 1941 akikusudia kuizamisha ili kusafisha jina lake. Askari wa mgambo walimkamata. Alipojaribu kukimbia wakampiga risasi, akafa. Yaani afisa kijana alikufa kwa hukumu ya watu wasio na ushahidi mkononi, na Waingereza wakaendelea kuitumia nyambizi kwa jina la HMS Graph.

Waingereza nao walikuwa na kesi kama hiyo. Nyambizi yao HMS Seal iligonga bomu la majini katika mlango-bahari wa Kattegat Mei 1940, ikakwama matopeni na hewa ikachafuka hadi watu wakashindwa kusimama. Ilipoibuka haikuweza tena kuzama, injini zikagoma, bunduki zikakwama chini ya mashambulizi ya ndege. Kamanda Rupert Lonsdale alijisalimisha. Mwaka 1946 alisimamishwa mbele ya mahakama halali ya kijeshi, mashahidi wakiwa mabaharia wake mwenyewe. Mahakama ilipima hali ya chombo, silaha zilizobaki na afya ya watu saa ile alipoamua, ikamwachia huru kwa heshima. Baadaye akawa kasisi.

Rahmlow hakupata mahakama ya namna hiyo. Kwa ushahidi uliopo, angepaswa kujibu kwa kuibuka bila kutazama anga, na kwa kukata tamaa mapema. Hayo ni makosa ya uzembe na ya uchache wa mafunzo, na sehemu ya lawama ni ya waliompeleka Atlantiki na mabaharia wale wapya.