Kabla ya "Mimi Naona", Tuambie Umejuaje

Nafundisha Historia katika chuo cha ualimu, na sehemu kubwa ya mijadala yetu siku hizi hufanyika usiku kwenye grupu la WhatsApp la darasa, wanachuo wakishakula na kabla bando hazijakata. Darasani nilikuwa na wasemaji walewale, vijana wa dawati la mbele wenye sauti. Kwenye grupu, binti ambaye hajanyoosha mkono muhula mzima anaandika aya tatu zilizonyooka, anamjibu mwenzake kwa hoja, kisha kesho yake darasani anaendelea kunyamaza. Kwangu hilo halina tatizo. Anayefikiri kwa kuandika naye anafikiri.

Walimu wenzangu wengi wamejaribu na kuacha. Wanasema wanafunzi hawachangii, au wakichangia wanatukanana. Nadhani mara nyingi shida iko kwenye swali. Ukiandika "Jadili athari za ukoloni wa Wajerumani", utaletewa madesa, yaani nukuu za kukariri: kodi, mazao ya biashara, reli ya kati, kazi za shuruti. Wote watakubaliana na saa tatu usiku grupu litakuwa limelala. Ukiandika "Je, Ujerumani itulipe fidia?", meseji zitamiminika hadi usiku wa manane, na hutaona mwaka hata mmoja ndani yake. Swali ninalolitafuta ni lile ambalo desa halina jibu lake, na ambalo huwezi kulijibu kwa hasira peke yake. Habari za siku ndizo zinazonipa maswali ya namna hiyo, nikiwa macho.

Mwisho wa Oktoba 2023 nilipata bahati ya pekee. Mfalme Charles III wa Uingereza alianza ziara yake Nairobi Oktoba 31. Siku hiyohiyo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Dar es Salaam na Rais Samia Suluhu Hassan, na Novemba 1 akaenda Songea. Pale kwenye Makumbusho ya Vita vya Majimaji, vile vya 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani, aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wale, akaahidi pia kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani. Nairobi, Mfalme alizungumzia huzuni na majuto makubwa, akasema ukatili uliofanywa wakati wa kupigania uhuru haukuwa na kisingizio chochote. Kuomba radhi, hakuomba.

Kabla sijaandika lolote, grupu lilikuwa limeshatoa hukumu: Mjerumani muungwana, Mwingereza jeuri. Niliwaacha wapumue kidogo, kisha nikatupa swali: mbona huyu jeuri ndiye aliyelipa fedha bila kuomba radhi, na huyu muungwana ameomba msamaha bila kulipa?

Kimya. Halafu mmoja: "Mkufunzi, Mwingereza alilipa lini?"

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Walitafuta wenyewe wakakuta kwamba Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 kwa mateso ya miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Wakakuta kwamba fedha hizo hazikutoka kwa huruma. Wazee waliofungua kesi London walikuwa hai, wakasimama mahakamani na makovu yao. Isitoshe, mwaka 2011, kesi ikiendelea, serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha mafaili ya makoloni yake ya zamani huko Hanslope Park, yakiwemo ya Kenya yaliyosafirishwa kimyakimya karibu na uhuru. Shahidi hai na karatasi: vyote viwili vilikuwepo. Majimaji ilikwisha mwaka 1907. Ni nani leo angesimama mbele ya jaji aseme "mimi ndiye niliyechomewa ghala"?

Mwanachuo mmoja aliandika kwamba basi msamaha huja kwa urahisi pale ambapo mdai ameshakufa. Mwingine alimpinga kwa kutaja Namibia, ambako Waherero na Wanama walioangamizwa na Wajerumani nao wamekufa zamani, lakini mwaka 2021 Ujerumani ilikubali kutoa euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, ingawa ilikataa kuziita fidia. Mimi niliweka alama ya dole gumba kwa wote wawili nikaenda kulala.

Sheria yangu ya grupu ni moja tu na nimeibandika juu kabisa: kabla ya "mimi naona", tuambie umejuaje. Umesoma wapi, nani kaandika, lini, na yeye alijuaje. Mwanzoni wanachuo waliichukia, wakasema inaua utamu wa mjadala. Walianza kuielewa tulipofika kwenye idadi ya waliokufa katika Majimaji.

Mmoja alileta 75,000. Mwingine 300,000. Wakaanza kushutumiana, huyu kibaraka, yule mwongo. Kumbe wote walikuwa wamenakili sawasawa. 75,000 ni makadirio ya upande wa serikali ya Kijerumani. Makadirio ya kati ya 250,000 na 300,000 ni ya mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa. Basi swali likawa, inawezekanaje vita kimoja kiwe na hesabu mbili zilizoachana kiasi hicho? Hakukuwa na sensa, hilo ni jepesi. Gumu zaidi ni kuamua nani anahesabiwa kuwa amekufa vitani. Wajerumani waliposhindwa kuwakamata wapiganaji waliogawanyika vikundi vidogo vidogo, waligeukia chakula: wakachoma vijiji, wakachukua mavuno, wakateketeza maghala. Mtoto aliyekufa kwa njaa mwaka 1907, risasi zikiwa zimenyamaza, yumo kwenye hesabu au hayumo? Siku mbili walibishana juu ya mtoto huyo. Kijana wa Namtumbo akatuletea sauti ya babu yake, aliyesimulia kwamba nyumbani kwao habari ya maji ya dawa, yale yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, haikusimuliwa sana. Kilichosimuliwa ni njaa, na mizizi ya porini iliyoliwa.

Nikapata nafasi ya kuwaambia jambo wasilolijua. Mwaka 1968 wanafunzi wa Historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini, Umatumbi, Ungoni na kwingineko, wakaketi na wazee waliokuwa wamekiona kile kipindi kwa macho yao, wakaandika. Mengi tunayojua kuhusu Majimaji kwa upande wa waliopigana yanatokana na kazi ile. Walikuwa vijana wa umri wao, bila simu, na waliwahi. Wakati ule mzee aliyekuwa kijana mwaka 1905 alikuwa bado na meno ya kusimulia.

Sauti za babu na bibi nazikaribisha sana, ila nazo zinapita kwenye sheria ileile. Babu alisikia kwa nani? Alikuwa na umri gani? Shikamoo kwanza, kisha swali.

Sasa matusi. Hayaepukiki, na kwa Historia yetu huja kwa njia ya kabila. Niliuliza kwa nini Wahehe, ambao mwaka 1891 kule Lugalo walikisambaratisha kikosi cha kamanda Mjerumani Emil von Zelewski na kumuua yeye mwenyewe, hawakuingia Majimaji bali walipigana upande wa Wajerumani. Ndani ya nusu saa wanachuo wa Iringa walikuwa wanaitwa wasaliti, nao wanajibu kwamba Wangoni walikuwa wanateka watu. Mzaha wa utani ulianza kuchacha. Nilisimamisha grupu hadi asubuhi, nikarudi na sharti dogo: kwa habari za 1905 hakuna kuandika "nyinyi" wala "sisi". Andika "Wahehe wa 1905", andika "wapiganaji wa Ungoni". Wanafunzi waliona ni urasimu, lakini joto lilishuka, na hapo ndipo majibu yenye akili yakaonekana. Wahehe walikuwa wametoka kwenye vita vya miaka saba vilivyoishia kwa chifu wao Mkwawa kujiua mwaka 1898. Walijua bunduki zile zinafanya nini. Pia sehemu ya waliokuwa wakisambaza maji walikuwa mahasimu wao wa zamani. Na askari wa jeshi la Mjerumani walikuwa nani? Wasudani, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Mara nyingi hutajwa kwamba upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 na Waafrika 389. Tarakimu hizo mbili zikikaa pamoja kwenye meseji moja, sihitaji kuongeza maelezo.

Kuhusu uzushi sitasema mengi, kwa sababu kila mwalimu anaujua. Picha ya watu waliofungwa minyororo shingoni iliwahi kuletwa kama picha ya Majimaji. Mwanachuo akaitafuta kwa picha mtandaoni, ikaonekana ni ya Namibia. Safi. Ila nina angalizo kwa walimu wanaofundisha wanafunzi kutoamini kila kitu: mtoto akizoea kukanusha, atakanusha na kweli. Niliandika usiku mmoja kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, ule ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu kinachoiamuru Ujerumani kuikabidhi Uingereza fuvu la Mkwawa. Nusu ya grupu walicheka. "Mkufunzi, hiyo imefowadiwa mara nyingi." Niliwaambia wafungue kifungu cha 246 wenyewe. Fuvu lilirudi mwaka 1954, Gavana Edward Twining akiwa amekwenda kuliteua kwenye makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu, na lipo Kalenga, Iringa, hadi leo. Kama vipimo vile vinatosha kuthibitisha kuwa ndilo lenyewe, huo ni usiku mwingine mzima.

Kwa mwenzangu anayetaka kuanza: swali moja kwa wiki, si zaidi. Lipeleke Alhamisi ili Jumapili watu wawe wamesoma. Usijibu mapema, maana mwalimu akishasema, wanafunzi wa kwetu wanaona mjadala umefungwa. Sauti zisizidi dakika mbili, la sivyo wenye bando dogo hawazifungui. Kwa sekondari ambako simu hazikubaliwi shuleni, tumia ubao wa matangazo: swali juu, karatasi za majibu chini, kila karatasi na chanzo chake.

Swali la Alhamisi hii nimeshalichagua, kwa kuwa habari yake haiishi kuibuka, hata Bungeni. Mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, anayesimama zaidi ya mita 13 kwenye makumbusho ya Berlin, alichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, na mifupa ikabebwa vichwani na wapagazi hadi bandarini. Ni nchi ileile iliyokuwa imepitiwa na vita na njaa miaka michache tu nyuma. Sitawauliza kama arudishwe. Nitawauliza: wale wapagazi walikuwa nani, kwa nini walikubali kazi ile mwaka 1909, na tutajuaje?