Uzito haumtishi mchwa

Mteja akija karakana kwetu hapa Unguja kuagiza mlango, kabla hajauliza bei atainua ubao, aupime kwa mkono, halafu aseme: "Huu mwepesi, fundi. Nitafutie mzito, mchwa asiuweze." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Ubao mbichi ni mzito kwa sababu umejaa maji, na maji hayo unauziwa kwa bei ya mbao. Huniamini? Kata kipande, kipime kwenye mizani ya duka, kikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo hadi kisipungue tena. Kikitoka gramu 650 kikafika 500, ubao ule ulikuwa na unyevu wa asilimia 30, na haufai kuwa mlango leo wala mwezi ujao.

Haya, tuseme ni mkavu. Bado mchwa hashindwi na ugumu. Kinachomshinda ni dawa ambayo mti umejiwekea wenyewe kwenye kiini, ile sehemu ya ndani ya gogo. Msaji mkavu una kilo 650 hivi kwa mita ya ujazo, uzito wa kawaida tu, ila kiini chake kina mafuta na kemikali za jamii ya kwinoni, na mchwa huukwepa. Sasa chukua mbao ya mnazi, ile ya nje karibu na gome. Ngumu, inamaliza meno ya msumeno, na huweza kuzidi msaji kwa uzito. Ichimbie ardhini bila dawa: miaka michache tu imekwisha.

Na hata mti mzuri haukuweka dawa yake kila pahala. Ule weupe wa pembeni, ambao mti ulipokuwa hai ulikuwa ukipandishia maji, una wanga na hauna kinga, uwe wa mvule, uwe wa mkongo. Niliwahi kung'oa fremu iliyoliwa ukingo mmoja, upana wa vidole viwili, toka juu hadi chini. Kiini kizima, alama za randa bado zinaonekana. Mwenye nyumba akaapa kauziwa mvule bandia. Mvule ulikuwa wa kweli! Fundi wake aliuacha weupe ili ubao uwe mpana. Basi ukienda kununua, acha kuinua. Geuza ubao, tazama kingo.

Wateja wana misemo mingine pia. "Mbao ngumu haichezi," yaani haivimbi wala haisinyai. Inacheza sana. Hewa yetu ya pwani huuacha ubao na unyevu wa asilimia 14 hadi 16 hivi. Uingize chumba chenye kiyoyozi, utasinyaa. Mninga hucheza kidogo mno, ndiyo maana milango yangu naipendelea mninga. Vanishi huchelewesha tu, na ianzie vichwani mwa ubao, yaani kwenye ncha zake zilizokatwa, ambako unyevu hupita haraka na mafundi wavivu hawapaki kwa kuwa hakuonekani.

"Mvule wenye jiwe ndani ni mbovu." Ni chokaa ambayo mti wenyewe umeitengeneza. Msumeno ndio utakaoumia.

"Weusi kwenye msumari ni kuoza." Mara nyingi ni tanini, kemikali ya asili ya mti, imekutana na chuma na unyevu. Pigilia shaba.

"Vumbi la mti ni kitu cha asili, halina neno." Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao kuwa linasababisha saratani tangu 1995, na la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Vaa barakoa ya kazi; kipande cha kanga usoni hakitoshi.