Kanuni si amri

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu ninayemheshimu sana kikazi: "Mfumo wa kanuni ni jambo rahisi. Unaiandikia kompyuta amri zake moja baada ya nyingine, nayo inatii." Waliokuwepo wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilinyamaza kwa kuwa haukuwa mkutano wangu, lakini sentensi ile imenikaa rohoni tangu siku hiyo. Ndiyo hiyohiyo ninayoikuta kwenye slaidi za mafunzo, kwenye maelezo ya zabuni na midomoni mwa vijana wanaoanza kazi. Kosa lake liko katika neno moja tu, amri, na kosa hilo linaharibu kazi za watu.

Kwanza maana, kwa haraka. Mfumo wa kanuni ni aina ya akili mnemba, au akili unde kama wengine wanavyoiita, ambayo maarifa yake yameandikwa na watu kwa sura ya "ikiwa hivi, basi vile". Una vitu vitatu: mambo yanayojulikana kwa wakati huo, kanuni zenyewe, na injini inayozilinganisha kanuni na mambo hayo ili kupata hitimisho. Hitimisho likipatikana linaingia katika orodha ya yanayojulikana, injini inapitia tena, mpaka kusiwe na jipya la kuongeza. Ukishayaelewa hayo, maana umeipata.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Kanuni tumelipokea kutoka Kiarabu, qanun, nacho kililipata kwa Wagiriki waliosema kanon. Kwa Wagiriki kanon kilikuwa kitu cha kushikwa mkononi: fimbo iliyonyooka ambayo fundi aliiweka kwenye ukuta au ubao ili aone kama umepinda. Wanaisimu hulifuatilia neno hilo nyuma zaidi, hadi kwenye lugha za Kisemiti, ambako ndugu zake wana maana ya mwanzi. Kiebrania kinao hadi leo, qane. Mwanzi ulionyooka ulikatwa ukawa kipimo, na kipimo kikaja kuwa kanuni. Kilatini nacho kilipita njia ileile bila kuazima. Regula ilikuwa fimbo iliyonyooka, na kutoka kwake wamepata Waingereza neno lao la kanuni, na sisi kupitia kwao tumepata rula, ile ya kupigia mistari. Kwa hiyo kanuni na rula, maneno mawili yaliyotufikia kwa njia mbili tofauti, yote asili yake ni fimbo ya kupimia.

Amri ina ukoo mwingine kabisa. Ni amr ya Kiarabu, na mzizi huohuo umetupa amiri, yule wa jeshi. Amri lazima iwe na anayeitoa, anayeipokea na wakati wake wa kutekelezwa. Ukiniambia "funga mlango", kuna wewe, kuna mimi, na kuna sasa hivi. Fimbo ya fundi haina lolote kati ya hayo. Haimwambii mtu abomoe ukuta. Imeegemea pembeni, na siku ukuta ukisimamishwa, fimbo inauonyesha ulivyo.

Kiswahili kimeshayatenganisha mawili haya, kanuni na amri, katika sarufi yake, ndiyo maana naona uchungu zaidi tunapoyachanganya sisi wenyewe. Amri inatumia kitenzi kitupu: pima, andika, ondoka. Kanuni inapenda hu- na -ki-: maji hugeuka barafu yakipoa vya kutosha. Zisikilize methali zetu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" haimwamrishi mtu yeyote. Inataja sharti, kisha inataja linalofuata. Ni kanuni kamili, na ingeweza kuingizwa kwenye injini kama ilivyo.

Mtu anaweza kusema hizi ni hoja za maneno. Basi tuchukue kanuni moja inayotumika kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kumhudumia mtoto mgonjwa unasema kwamba mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza 12 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Na wa miezi 12 hadi kabla ya miaka 5, kiwango ni mara 40. Kanuni nyingine inaendelea: mtoto mwenye kikohozi au shida ya kupumua, na anayepumua haraka, anawekwa kwenye kundi la nimonia. Sasa mhudumu ameketi na mtoto wa miezi 9 aliyehesabiwa pumzi 54. Injini inaweza kuanzia kwenye hesabu hiyo: 54 imezidi 50, kwa hiyo anapumua haraka, ana kikohozi, kwa hiyo nimonia. Huko ni kwenda mbele, kutoka kwenye yanayojulikana hadi kwenye hitimisho. Lakini injini nyingine, kwa kanuni zilezile bila kubadilisha hata nukta, inaweza kuanzia mwisho. Inajiuliza: je, ni nimonia? Ili nijue nahitaji kujua kama anapumua haraka. Ili nijue hilo nahitaji umri na idadi ya pumzi. Ndipo inamgeukia mhudumu na kumwambia ahesabu. Huko ni kurudi nyuma, kutoka kwenye lengo hadi kwenye masharti yake, na wahenga walikuwa nako pia: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kanuni ileile imesomwa kutoka pande mbili. Amri haisomeki hivyo. "Hesabu pumzi, kisha linganisha na 50, kisha andika nimonia" ina mwanzo na mwisho, na ukiigeuza haina maana tena. Hiyo ndiyo tofauti yote, na ndiyo iliyopotea katika sentensi ya yule mheshimiwa.

Kuna jambo la pili linalotokana na hilo. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha kanuni hizi: mtoto ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta hewa, ambaye zamani aliwekwa kwenye nimonia kali, sasa anahesabiwa kuwa na nimonia na kutibiwa kwa dawa ya kunywa, ikiwa hana dalili za hatari. Katika mfumo ulioandikwa kwa kanuni, badiliko kama hilo ni la kugusa kanuni zinazotaja kubonyea kwa kifua, basi, na daktari anaweza kukaa pembeni yako akisoma unachobadilisha. Niliwahi kuitwa kusaidia programu iliyoitwa "mfumo wa kanuni" na waliokuwa wameinunua. Ndani yake nilikuta hatua ndani ya hatua, kila moja ikitegemea iliyotangulia. Kiwango kimoja kilikuwa kimeandikwa mahali saba. Tulibadilisha sita. Ile ya saba tuliigundua wiki kadhaa baadaye, kwa sababu majibu ya kundi moja la wateja yalikuwa hayaeleweki. Aliyeiandika hakuwa mvivu. Alifundishwa kwamba kanuni ni amri, akaandika amri.

Waliobuni mbinu hii walilijua hilo mapema. Mtaalamu wa hisabati Emil Post alichapisha mwaka 1943 kazi juu ya kanuni za kugeuza alama kuwa alama nyingine, na Allen Newell na Herbert Simon baadaye wakalichukua wazo hilo kueleza jinsi binadamu anavyotatua matatizo. Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni MYCIN, mfumo uliojengwa katika Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1970, kazi ya Edward Shortliffe na wenzake, wa kushauri juu ya maambukizi ya bakteria na dawa za kuyatibu. Ulikuwa na kanuni mia kadhaa. Moja inayojulikana sana inasema hivi: ikiwa kijidudu kimeonyesha hasi kwenye kipimo cha rangi cha Gram, na umbo lake ni la kijiti, na hukua pasipo oksijeni, basi kuna ushahidi wa kiasi cha 0.6 kwamba ni Bacteroides, aina mojawapo ya bakteria. Itazame ile 0.6. Amri haiwezi kuwa na 0.6, hakuna anayeamrishwa kutii kwa sehemu. Kauli juu ya ulimwengu ndiyo inayoweza kubeba shaka.

Na MYCIN iliulizika. Mtumiaji akiulizwa swali na mashine aliweza kuuliza kwa nini, nayo ikamwonyesha kanuni iliyokuwa ikijaribu kuithibitisha. Baadaye watafiti wakaondoa kanuni zote za kitabibu, wakabaki na injini tupu, wakaiita EMYCIN, yaani MYCIN isiyo na kitu ndani. Kisha wakajaza kanuni za vipimo vya mapafu, ukazaliwa mfumo mwingine, PUFF. Ungekuwa umeandika amri, ungeondoa nini ubaki na nini?

Mhandisi makini atanipinga hapa, na ana haki. Atasema kwamba kuna mifumo ambayo upande wa "basi" una matendo, si hitimisho tu. Ni kweli. XCON, uliojengwa na John McDermott wa Carnegie Mellon na kutumiwa na kampuni ya DEC kuanzia 1980 kupanga vipuri vya kompyuta zilizoagizwa na wateja, ulikuwa na kanuni za namna hiyo kwa maelfu: ikiwa kabati lina nafasi na kuna kifaa ambacho hakijapangiwa mahali, kiweke. Lakini angalia ni nani anayeita kanuni hiyo. Hakuna. Haipo hatua ya programu inayosema "sasa tumia kanuni ya kabati". Hali ya agizo ndiyo inayoiamsha, na isipotokea hali hiyo, kanuni italala miaka. Zikiamka mbili kwa pamoja, injini ina njia ya kuchagua, mara nyingi ile yenye masharti mengi zaidi, kwa kuwa ndiyo inayolijua jambo kwa karibu. Na ili isichoke kupitia kanuni zote kila mara, Charles Forgy alitengeneza algorithimu, yaani mbinu ya ukokotoaji, ya Rete, neno la Kilatini lenye maana ya wavu, inayokumbuka masharti yaliyokwisha kutimia na kushughulika na kilichobadilika tu.

Matumizi mengine nayataja kwa kupita. Vichujio vya barua taka kama SpamAssassin huipa kila kanuni alama na kujumlisha. Snort hukagua mtandao kwa kanuni za dalili za uvamizi. Ukokotoaji wa kodi na ukaguzi wa maombi ya mikopo mara nyingi hutegemea kanuni, kwa kuwa anayeuliza sababu anaweza kuelezwa. Na lugha yetu yenyewe inafaidika: SALAMA, mfumo wa kuchambua na kutafsiri Kiswahili uliojengwa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ni wa kanuni. Fikiria neno "kaa". Linaweza kuwa mnyama wa pwani, kipande cha makaa, au kitendo cha kuketi. Kanuni itasema: ikiwa neno linalofuata ni "huyu", ondoa maana ya makaa na ya kuketi. Ikiwa ni "hili", ondoa mnyama na kuketi. Hapo unaiona ile fimbo ya fundi ikiwekwa juu ya sentensi.

Siisemi mbinu hii kama dawa ya kila kitu. Kanuni hazijifunzi zenyewe. Yule anayesema mfumo wake wa kanuni "umejifunza" ilhali mtu ameongeza mstari jana usiku, naye anahitaji kurekebishwa. Kuyatoa maarifa kichwani mwa mtaalamu na kuyaandika ni kazi ngumu ya miezi, na XCON wenyewe ulihitaji watu wa kuutunza kila siku kadiri kanuni zilivyoongezeka. Kutambua uso kwenye picha kwa kanuni za kuandikwa na mtu ni jambo lililowashinda wengi, na mashine zinazojifunza kutokana na data zimelifanya vizuri zaidi.

Basi, ndugu yangu wa mkutano ule, sentensi yako ilikaribia sana. Ningeomba uibadilishe hivi tu: tunaiandikia kompyuta yale tunayoyajua, nayo inatafuta ni lipi kati ya hayo linalohusu jambo lililo mbele yake. Na ile programu uliyotuonyesha, inayoanza hatua ya kwanza na kumalizia ya kumi na mbili, imeandikwa vizuri na inafanya kazi yake. Iite utaratibu.