Nambari ya toleo si cheti cha usalama

Nimeletewa tena ripoti ya ukaguzi, safari hii kutoka ofisi moja ya Mjini Unguja, yenye mstari mwekundu ule ule: OpenSSH 9.2 ni ya zamani, ina CVE-2024-6387, ipandishwe hadi 9.8 mara moja. OpenSSH ni programu ya kuingilia seva kutoka mbali, CVE ni nambari ya usajili wa udhaifu wa usalama unaojulikana, na seva yenyewe inaendesha Debian 12, mfumo endeshi wa jamii ya Linux. Programu ya ukaguzi ilipobisha hodi kwenye poti ya 22, mlango wa OpenSSH, ilijibiwa SSH-2.0-OpenSSH_9.2p1 Debian-2+deb12u3, ikasoma hadi 9.2p1 ikafunga daftari.

Jawabu limo katika kipande ilichokiacha. Ile 9.2p1 ni ya watunzi wa asili wa OpenSSH, 2 ni ya ufungashaji wa Debian, na deb12u3 ni sasisho la tatu ndani ya Debian 12. Sasisho hilo, lililotoka tarehe 1 Julai 2024, siku ile ile 9.8 ilipotolewa, ndilo lililobeba kiraka cha udhaifu huo. Sisi tunaotunza vifurushi vya programu huchukua marekebisho machache yanayohusu kasoro, tukayapachika kwenye msimbo wa zamani na kuacha mengine yote yalivyo, ili huduma ya mtu isianguke usiku wa manane kwa sababu ya jambo jipya ambalo hakuliomba. Jahazi likitiwa kalafati halibadilishwi jina ubavuni.

Linaloniudhi khasa ni imani kwamba upya na usalama ni kitu kimoja. Udhaifu huu uliingia katika 8.5p1, pale kasoro iliyokwisha kurekebishwa mwaka 2006 ilipofufuliwa kwa bahati mbaya. Kwa hiyo Debian 11 yenye 8.4p1, ambayo wakaguzi huitazama kama mgonjwa mahututi, haikuguswa kabisa. Mwezi Machi wa mwaka huo huo wa 2024, Andres Freund alifichua mlango wa siri uliopandikizwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data. Waliokuwa hatarini ni waliokimbilia mapya. Debian 12 ilikuwa imetulia na 5.4.1 yake. Basi nikiambiwa, "Fundi, si ushushe tu msimbo wa 9.8 uujenge mwenyewe," huuliza nani atakayeutunza mwakani, kwa kuwa apt, kisasishaji cha Debian, haina habari na kilichowekwa kwa mkono ndani ya /usr/local.

Sisemi kwamba viraka vyetu havina lawama. Mwaka 2006 kiraka cha Debian kiliondoa katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, msimbo uliokuwa ukichanganya data ya nasibu ya kuundia funguo za siri, na hadi Mei 2008 funguo zilizoundwa kwenye mashine hizo ziliweza kukisiwa. Hata ule mlango wa xz uliweza kuifikia sshd, huduma ya OpenSSH inayopokea wanaoingia, kwa sababu wafungashaji, wala si watunzi wa OpenSSH, waliiunganisha na libsystemd, maktaba ambayo nayo iliivuta ile ya xz. Zaidi ya hayo, si kila kasoro ya usalama hupewa nambari ya CVE; nyengine hurekebishwa kimya kimya huko kwenye asili kama hitilafu ya kawaida, na sisi tunaosubiri nambari hatuipachiki. Hilo hunikosesha raha, na dawa yake sijaipata.

Mkaguzi anayetaka kunibana kweli kweli na aitafute CVE hiyo katika orodha ya usalama ya Debian, ailinganishe na jibu la dpkg, chombo kinachoorodhesha vifurushi vilivyowekwa, kisha aulize lini huduma iliwashwa upya. OpenSSL ikisasishwa, huduma inayoendelea kufanya kazi hubaki imeishikilia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu. Ukifungua /proc/PID/maps, PID ikiwa nambari ya huduma hiyo, utaliona jina la faili likifuatwa na neno (deleted), yaani imefutwa, ilhali dpkg inaonesha nambari sahihi kabisa. Seva za matawi ya Pemba, ambazo watu huogopa kuziwasha upya wasije wakalazimika kupanda boti kwenda kuziamsha, ndizo ninazozitazama kwa jicho hilo, na hakuna ripoti hata moja iliyowahi kuniuliza habari zake.