Kibarua Kikiota Nyasi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wiki tatu za kwanza baada ya kupunguzwa kazi nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shati limepigwa pasi, begi begani, kama kawaida. Napanda daladala mpaka Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, nakaa bustanini hadi jua linapokuwa kali, kisha nazunguka Kariakoo mpaka jioni. Mke wangu hakujua. Nilikuwa karani wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha kwa miaka 6, na siku moja tukaitwa watu tisa, kila mmoja akapewa bahasha. Naandika haya kwa sababu najua wapo wanaokaa kwenye mabenchi yale leo, na kwa sababu karibu kila nililoliamini wiki zile halikuwa kweli, na lilinichelewesha.

"Wangekuhitaji wasingekuacha"

Hili ndilo linaloumiza kuliko yote, na mara nyingi hakuna anayekuambia. Unajiambia mwenyewe usiku wenzako wakiwa wamelala.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 haichanganyi mambo haya. Kuachishwa kwa utovu wa nidhamu ni jambo moja, kuachishwa kwa kushindwa kazi ni la pili, na kupunguzwa kwa sababu za uendeshaji ni la tatu: biashara imeshuka, mfumo mpya umechukua kazi ya watu, ofisi imepangwa upya. Hilo la tatu linamhusu mwajiri na hesabu zake. Ndiyo maana sheria inamtaka atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na akae na wafanyakazi au chama chao kuzungumzia namna ya kuepusha upunguzaji na vigezo vya kuwachagua watakaoondoka. Chukua barua yako uisome tena, uone imeandika sababu ipi. Mimi yangu niliisoma kwa makini siku ya ishirini. Mpaka hapo nilikuwa nimeshajihukumu kwa kosa ambalo halikuandikwa popote.

Kuna sababu nyingine ya kuisoma mapema. Kama unaona hukutendewa haki, lalamiko la kuachishwa kazi linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Aliyepunguzwa baada ya kutimiza mwaka kazini anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, mpaka miaka 10. Kwangu miaka 6 ilikuwa siku 42. Anastahili pia cheti cha utumishi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nako lipo fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Hayo yote yana fomu na yana muda wake. Siku 30 za kujificha bustanini zinatosha kukupotezea haki yako.

"Rudisha kujiamini kwanza, ndipo utafute kazi"

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema: pumzika, jipange, akili ikitulia utaanza. Mambo yanakwenda kinyume chake. Mwanasaikolojia Albert Bandura, ambaye tangu mwaka 1977 aliandika sana juu ya mtu kuuamini uwezo wake, alieleza kuwa chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni kulifanya jambo ukaliweza. Maneno ya kutiwa moyo yanasaidia, ila yako nyuma sana.

Wapo waliolichunguza hili kijiji kizima. Marienthal, karibu na Vienna nchini Austria, watu waliishi kwa kutegemea kiwanda cha nguo, na kiwanda kikafungwa mwanzoni mwa mdororo mkuu wa uchumi. Watafiti, mmoja wao Marie Jahoda, walikwenda kuwaangalia wanakijiji wanavyoishi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1933. Watu walikuwa na siku nzima mikononi mwao, lakini maktabani walikuwa wanaazima vitabu vichache kuliko zamani. Wanaume wakipita barabara ya kijiji walitembea polepole na kusimama kila mara. Wanawake, ambao kazi zao za nyumbani hazikuisha, walitembea haraka zaidi. Uvivu haukuwamo. Kazi huleta mshahara, na pamoja nao huleta ratiba, watu wa kukutana nao, na jibu la kutoa mtu akikuuliza unafanya nini. Kiwanda kilipofungwa, hayo yote yaliondoka siku moja. Niliposoma habari hiyo nilijiona mwenyewe nikizunguka Kariakoo.

Kilichonirudisha mimi kilikuwa kitu kidogo mno. Jirani yetu ana duka la vifaa vya ujenzi, na risiti zake za EFD, ile mashine ya kodi, na ankara zilikuwa zimejaa kwenye mfuko wa rambo. Nikamwomba anipe Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa sita, nimpangie. Malipo yalikuwa chakula cha mchana na nauli. Wapo walioniambia kwamba huko ni kujishusha. Siku moja nikagundua ametozwa mara mbili kwa shehena moja ya nondo, na pesa yake akarudishiwa. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikitembea haraka. Jioni ileile nikamwambia mke wangu ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Barua iko wapi?" Yeye ndiye aliyeziona zile siku 30.

"Ndugu na marafiki wa karibu ndio watakaokutoa"

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi tunapoumia, tena tunaishia kuwalaumu ndugu bure.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter wa Marekani alichapisha makala kuhusu watu wa Newton, karibu na Boston, waliokuwa wamebadilisha kazi. Waliopata kazi kupitia mtu aliwauliza: huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki, walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye kwa nadra kiasi, na asilimia 27.8 mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha majaribio yaliyofanyika ndani ya LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, kwa watu zaidi ya milioni 20, na yakaonyesha kitu kinachofanana: anayekufaa zaidi ni yule mnayejuana kiasi, asiyekuwa mgeni kabisa wala wa ndani sana.

Sababu yake unaweza kuiona ukikaa kijiweni. Rafiki yako wa karibu anakupenda, lakini mnakaa mtaa mmoja, mnajua watu walewale, mnasikia habari zilezile. Alilonalo yeye unalo. Yule mliyeimba naye kwaya miaka ile, mwenzenu wa kikoba cha zamani, dereva mliyekuwa mkingojeana kwenye foleni, hao kila siku wako mahali ambapo wewe haupo.

Mimi habari yangu niliipata kwa mlinzi wa geti. Alikuwa kwenye bandari kavu moja ambako nilikuwa napeleka nyaraka. Kwa miaka 6 tulisalimiana na kuulizana hali za watoto, basi. Nilipita pale kufuata karatasi yangu moja, akauliza mbona nimepotea. Ningeweza kusema niko likizo. Nikamwambia, "Kazi imeisha, kaka. Natafuta." Akasema kuna mawakala wawili wanaoingia pale ambao kila siku wanalalamika karani wao ameondoka. Juma zima nililokuwa nawapigia binamu zangu, habari hiyo ilikuwa imekaa getini.

"Kumpigia mtu mliyepotezana naye ni kumpiga mzinga"

Inategemea unaomba nini. Ukimwambia mtu "nitafutie kazi", umemtwisha mzigo asioweza kuubeba, na mara ya pili simu yako hataipokea. Wengi wa wasiopokea simu hawana roho mbaya. Hawana cha kukujibu. Omba kitu ambacho anacho: anachokijua. Dada mmoja aliyewahi kunisimamia nilimwandikia hivi:

"Shikamoo dada. Ni mimi tuliyekuwa wote dawati la nyaraka. Nafasi yangu iliondolewa mwezi uliopita. Sikuombi kazi. Naomba dakika kumi za simu, unieleze ofisi za forodha siku hizi zinataka karani awe na nini."

Alinipigia usiku uleule. Ndiye aliyeniambia nisomee cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, ambacho Chuo cha Kodi kinashiriki kukifundisha, kwa sababu asiye nacho anaachwa kwenye mchujo. Mwezi mzima nilikuwa natuma maombi bila kulijua hilo. Angalia pia kwamba ujumbe umesema wazi kilichotokea. Ukificha, mtu atahisi unaficha kitu kibaya zaidi.

"Bila koneksheni hata serikalini hupati"

Kupewa habari ni jambo moja, kununua nafasi ni jambo jingine. Maombi ya utumishi wa umma yanapitia Sekretarieti ya Ajira, kwa mfumo wa Ajira Portal, na kutuma maombi hakulipiwi. Anayekuambia tuma kidogo "kwa bosi" jina lipite, anakuibia ukiwa umeshaanguka. Simu ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ni 113, na haina gharama.

"Ukishaipata, umemaliza"

Niliwahi kuamini hivyo pia. Mmoja wa wale mawakala wawili alinipa majaribio ya miezi mitatu, kisha akaniajiri. Ulipofika wakati wa kuwashukuru watu, nilikuta orodha ndefu: mwenye duka, yule dada, mwenzangu mmoja kati ya wale tisa aliyenisomea CV. Wengine hawakuwa na habari kwamba walinisaidia.

Mlinzi nilimpigia siku ya kwanza ya kazi, saa sita mchana. Alikuwa ameshahamishiwa Kigamboni. Akafurahi, akanipongeza, akaulizia watoto. Kisha akaniuliza kama huko nilikoingia wanahitaji dereva wa foklifti, maana mdogo wake amepunguzwa wiki hiyo. Nikamwambia sijui, ila nitauliza kabla jua halijazama.